Mati 48 za Shangazi

Najua nimepotea. Wale mliokuwa mkisubiri sehemu ya pili ya makala ya hifadhidata, vuteni subira kidogo, inakuja. Leo nataka kuandika kuhusu cherehani. Naam, cherehani, ile ya kushonea nguo! Msinikimbie. Kuna hesabu humu ndani, kuna mpangilio wa kazi, na kuna lile swali la bei ambalo kila mtu anayeandika programu kwa malipo hulikwepa mpaka siku mwenye nyumba atakapobisha hodi.

Kitu chenyewe ni mati za meza. Nazungumzia vile vitambaa vya mstatili tunavyoweka chini ya sahani ili joto lisiharibu rangi ya meza na mchuzi wa kuku usiingie kwenye mbao. Nyumba za hapa Eldoret hazina upungufu wa vitambaa. Viko vya kufuma kwenye mgongo wa kochi, viko juu ya redio, na zamani vilikuwa juu ya televisheni, enzi zile televisheni ilipokuwa na mgongo wa kubeba kitambaa. Meza ya kulia ndiyo husahauliwa. Yangu imekuwa ofisi tangu mwaka 2020: kompyuta upande huu, sahani upande ule, na kikombe cha chai katikati kikiitishia kibodi. Kwa hiyo sikuwa mgeni wa tatizo.

Aliyeniingiza kwenye kazi hii ni shangazi yangu, ambaye nyumbani tunamwita senge. Ana kibanda cha ushonaji Langas, na riziki yake kubwa ni sare za shule. Disemba na Januari halali. Wazazi wanapanga foleni, kila mtu anataka sketi yake jana. Ikifika katikati ya Februari, kibanda kinanyamaza: zipu moja leo, suruali ya kupunguza kesho. Kodi ya kibanda hainyamazi, ni shilingi 3,000 kila mwezi, na mwaka huu alikuwa nyuma miezi miwili.

Ndipo akatokea mama mmoja mwenye mkahawa, akataka mati 48 za kitenge, shilingi 100 kila moja, malipo baada ya mwezi. Senge alifurahi mpaka akaenda kununua kitenge siku hiyo hiyo, pisi moja na nusu, yaani yadi tisa, kwa shilingi 1,800. Usiku akanipigia simu. "Baba, si wewe ni mtu wa kompyuta? Hebu niwekee hii kazi kwenye hiyo kompyuta yako, iniambie kama nitabaki na kitu."

Nilimjibu kwamba nitakuja Jumamosi, lakini kabla ya kuandika chochote nitashona kwanza. Alicheka sana. Mimi nilikuwa sitanii. Katika kazi yangu nimeona mifumo mingi iliyoandikwa na watu ambao hawajawahi kukaa hata saa moja na yule atakayeitumia. Mtu anajifungia ofisini, anachora visanduku na mishale, halafu karani wa stoo anapewa skrini isiyojua kwamba gunia huweza kuja limepasuka. Ukitaka kuandikia kazi programu, ifanye kazi hiyo kwa mikono yako kwanza, hata kama ni kwa siku moja tu.

Na tukizungumzia mifumo, jiji letu (tumekuwa jiji tangu Agosti 2024, msisahau!) lina historia ya pande zote mbili, vitambaa na programu. Upande wa vitambaa kuna Rivatex, kiwanda kilichojengwa miaka ya 1970. Ulipofika mwisho wa miaka ya 1990 viwanda vya nguo vya Kenya vilikuwa vimebanwa vibaya, soko lilikuwa limefunguliwa, mitumba na vitambaa vya nje vimejaa, na Rivatex ikawa miongoni mwa vilivyoanguka. Chuo Kikuu cha Moi kilikinunua mwaka 2007, na kikazinduliwa upya mwaka 2019 kikiwa na mashine mpya.

Upande wa programu kuna OpenMRS, mfumo huria wa kutunza rekodi za wagonjwa. Ulianza kutumika hapa hapa Eldoret mwaka 2006, chini ya AMPATH, ule ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi, hospitali ya rufaa na vyuo vya Marekani. Kabla yake kulikuwa na mfumo mdogo katika kituo cha afya cha Mosoriot, mwaka 2001. Leo OpenMRS inatumika katika nchi nyingi sana, na vijana wengi wa hapa walijifunzia kazi humo. Jambo ambalo watu wa kompyuta hawalitaji ni kwamba AMPATH hiyo hiyo ilikuwa na karakana zilizoitwa Imani Workshops, ambako watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI walishona, walitunga shanga, walifinyanga na kutengeneza karatasi, wapate kipato cha kuwatoa kwenye utegemezi. Dawa peke yake haitoshi kama nyumbani hakuna unga. Hebu fikirieni, mradi mmoja, mji mmoja, huku watu wanaandika mfumo wa rekodi, kule watu wanashona. Mimi naona hao wote walikuwa wakifanya kazi moja.

Haya, turudi Langas.

Cherehani ya senge ni Butterfly ya kukanyaga, nyeusi, yenye maua ya rangi ya dhahabu ambayo yamefutika pale mkono wake unapopita. Umeme ukikatika yeye hajui. Nilikaa pale nikaomba kwanza anioneshe jinsi mshono unavyofungwa, kwa sababu jambo hili lilinisumbua tangu utotoni. Ukishona kwa mkono, uzi wote unapita kitambaani, unaingia huku na kutokea kule. Cherehani haiwezi kufanya hivyo, maana sindano haiachiliwi; inashuka na kupanda palepale. Sasa uzi unabaki vipi?

Jibu liko kwenye tundu. Sindano ya mkono ina tundu kwenye kitako, ya cherehani ina tundu karibu na ncha. Sindano inashuka na uzi wa juu mpaka chini ya kitambaa. Inapoanza kupanda, uzi unalegea kidogo na kufanya kitanzi. Hapo ndoano ya chini inakamata kile kitanzi na kukizungusha kwenye bobini, hivi kwamba uzi wa bobini unabaki umepita katikati yake. Kisha mkono mdogo wa juu unavuta, na nyuzi mbili zinafungana ndani ya unene wa kitambaa. Mara moja kwa kila hatua ya sindano. Elias Howe alipata hataza ya mashine ya aina hiyo Marekani mwaka 1846, Singer akafuata na yake mwaka 1851, na ile Butterfly ya Langas bado inafanya vilevile. Fungueni kile kifuniko cha chini mzungushe gurudumu polepole kwa mkono mkitazama. Mimi nilizungusha kama dakika kumi, senge akiniuliza kama nimekuja kushona au kutazama sinema.

Na kama kuna msomaji anayedhani nimetoka nje ya mada ya blogu, namkumbusha kwamba kompyuta ni mjukuu wa kitambaa. Mwaka 1804 Mfaransa Joseph-Marie Jacquard alionesha kitanda cha kufumia kilichoendeshwa na kadi za matundu: penye tundu uzi fulani unainuliwa, pasipo tundu unabaki. Badilisha kadi, ua linabadilika, mashine ni ileile. Charles Babbage alipobuni mashine yake ya kukokotoa aliazima kadi hizo, na alikuwa na picha ya Jacquard iliyofumwa kwa hariri kwa kutumia kadi zipatazo 24,000. Ada Lovelace, akiandika juu ya mashine hiyo mwaka 1843, alieleza kwamba ingefuma aljebra kama vile kitanda cha Jacquard kinavyofuma maua. Kwa hiyo mimi kukaa kwenye cherehani ni kwenda kusalimia ukoo.

Sasa mati yenyewe. Nitaeleza kwa ufupi, maana ni kitu rahisi na ndiyo sababu nakipendekeza kwa yeyote anayetaka kuanza. Haina mikono, haina zipu, haina mtu wa kumbana kiunoni.

Fua kitambaa kwanza, ukianike, ukipige pasi. Pamba hupungua, na afadhali ipungue kabla ya kukatwa. Mati ya senge ikikamilika ni sentimita 45 kwa 30. Kila upande unaongezwa sentimita moja na nusu ya mshono, kwa hiyo unakata 48 kwa 33. Unakata mbili, ya juu ya kitenge na ya chini ya pamba nyeupe nzito. (Pamba hiyo wazee wa Pwani waliita merikani, kwa sababu katika karne ya 19 ilikuja Zanzibar kwa meli za Wamarekani, nyingi zikitoka Salem, Massachusetts. Neno limebaki, meli zimekwenda.) Unazilaza sura kwa sura, yaani uzuri ndani, ubaya nje. Unazishona pembeni kuzunguka, lakini unaacha mwanya wa sentimita kumi upande mmoja. Unapunguza kona nne kwa mkasi bila kugusa mshono. Kisha unaingiza mkono kwenye ule mwanya na kugeuza kitu chote, ndani kuwa nje. Kona unazisukuma kwa kalamu iliyoisha wino. Unapiga pasi, unakunja kingo za ule mwanya ndani, halafu unapitisha mshono wa juu kuzunguka mati yote, nusu sentimita kutoka ukingoni. Mshono huo unafunga mwanya na wakati huohuo unalaza kingo zitulie. Basi.

Hapo pa kugeuza ndipo penye utamu. Unashona kitu kikiwa kinyume, huoni uzuri wake hata kidogo, mpaka unakivuta kwenye mwanya mdogo na kinatoka kikiwa safi, mishono yote imejificha. Ya kwanza kwangu ilichukua dakika 41, senge amesimama nyuma yangu mikono kiunoni. Yeye ile aliyomshonea mwenye mkahawa kama mfano ilimchukua dakika 26, pamoja na kupima, kukata na pasi.

Tukaja kwenye hesabu ya kitambaa, na hapa nilifurahi sana. Kitenge baada ya kufuliwa kilikuwa na upana wa sentimita 112. Ile pisi ya yadi sita ilikuwa na urefu wa 532, nusu pisi 266. Swali: mati zilale au zisimame? Ukizilaza, upana wa kitenge unatoshea mbili (48 na 48), na urefu unagawanywa kwa 33. Pisi kubwa inatoa safu 16, ndogo safu 8. Jumla mati 48. Ukizisimamisha, upana unatoshea tatu (33 mara tatu), na urefu unagawanywa kwa 48. Pisi kubwa inatoa safu 11, ndogo safu 5. Tatu mara kumi na sita ni 48. Zote mbili, 48 kamili! Nilirudia hesabu mara tatu nikidhani nimechanganyikiwa.

Ningekuwa naandika programu ya kupanga vipande, ingesema njia zote mbili ni sawa, chagua yoyote. Senge hakusita hata kidogo. Kitenge chake kilikuwa na ndege wanaoruka, na ukisimamisha vipande, mlaji atakuta ndege wamelala ubavu karibu na sahani yake kama waliokufa. "Nani atakula hapo?" aliuliza. Kisha akaniambia sababu ya pili. Ukilaza, mabaki yanatoka kama utepe mmoja mrefu wa sentimita 16, unapita pisi nzima kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukisimamisha unabaki na utepe wa 13 uliobana mno, na kipande cha mwisho kisicho na kazi. Kwenye utepe wa 16 kuna vimati vya vikombe, vya sentimita 10, vinavyokatwa 13 kwa 13. Pisi kubwa 40, ndogo 20. Vimati 60 kutoka kwenye kitu ambacho mimi ningekiita hasara.

Upande wa chini mambo yalikuwa tofauti. Pamba nyeupe huuzwa na upana wa sentimita 150, na hapo kulaza kunashinda waziwazi: tatu kwa safu, safu 16, mita 5 na sentimita 28. Ukisimamisha ni nne kwa safu, safu 12 za sentimita 48, mita 5 na sentimita 76. Karibu nusu mita nzima imepotea kwa sababu tu mtu alizungusha karatasi yake. Upana wa kitambaa ndio unaoamua, kwa hiyo usinakili mpango wa mtu kabla hujapima chako.

Halafu ikaja kazi. Wanaoandika programu wanajua gharama ya kuhama kutoka kazi moja hadi nyingine. Ukitoka kwenye jambo moja kuingia jingine, akili inahitaji muda wa kuhama na mizigo yake. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza senge jambo hilo kwa heshima zote. Sikupata nafasi. Alinitazama kama mtoto aliyekuja kumfundisha bibi yake kusonga ugali. "Sare mia mbili za Januari unafikiri nashona moja moja?" Alikata zote 48 kwanza. Kisha akashona mzunguko wa kwanza wa zote mfululizo bila kukata uzi katikati. Mati moja ikitoka chini ya sindano, nyingine inaingia, zikawa zinaning'inia nyuma ya cherehani kama bendera za sherehe. Mimi nikapewa mkasi wa kuzitenganisha na kupunguza kona. Kisha kugeuza zote, kisha pasi zote, kisha mshono wa juu. Nilikuwa na saa. Dakika 17 kwa mati moja badala ya 26.

Lakini nimeruka jambo. Kabla ya kushona hizo zote tulikaa na daftari, na hiki ndicho kikao nilichokuwa nakiogopa tangu ile simu ya usiku.

Kitenge 1,800. Pamba nyeupe, mita tano na nusu kwa shilingi 300, ni 1,650. Uzi 150. Jumla 3,600. Mama wa mkahawa angelipa 4,800. Zinabaki 1,200, na hapo ndipo senge alipokuwa ameishia kichwani mwake: faida ni 1,200. Nikamuuliza, na kodi ya kibanda? Shilingi 3,000 kwa siku 26 za kazi ni kama 115 kwa siku. Kwa kasi ya mati moja moja hiyo ni karibu saa 21, siku mbili na nusu na ushee, kodi 300. Zinabaki 900, yaani shilingi 43 kwa saa. Kwa ile kasi ya kushona kwa mkupuo, ambayo aliniambia itakuwa dakika kumi na saba au kumi na nane, ni saa 13 na nusu hivi, na inafika shilingi 74 kwa saa. Nayo ni bila kuhesabu zipu ya mteja atakayekatiza, na pesa zenyewe zinakuja baada ya mwezi, kama zinakuja.

Alinyamaza. Mimi pia nilinyamaza, kwa sababu sifahamu maneno ya kumwambia mtu aliyekulipia karo ya kidato cha tatu kwamba saa yake moja inauzwa kwa bei ya mkate. Akachukua kalamu, akapitia tarakimu moja moja, akitafuta mahali nilipokosea. Hakupata. Akasema, "Miaka kumi na tisa sijawahi kujiandika hapa." Alimaanisha kwenye orodha. Kitambaa kimeandikwa, uzi umeandikwa, hata kodi sasa imeandikwa, yeye hayumo.

Wenzangu, mangapi kati yetu tumejiandika? Nimewahi kumtengenezea mtu tovuti ya duka kwa bei iliyotosha kulipia seva na jina la tovuti, nikaita iliyobaki faida, nikiwa nimekesha wiki tatu. Tofauti yangu na senge ni kwamba mimi nina cheti kinachosema najua hesabu.

Jumatatu alimpigia yule mama. Shilingi 150 kila moja, nusu mbele. Alimweleza kwa upole, akamtajia bei ya pamba na yote. Mama akasema atafikiria. Kwa hiyo senge akabaki na yadi tisa za ndege wanaoruka, kodi ya miezi miwili, na mpwa mwenye daftari. Sitaficha kwamba usiku huo sikulala vizuri. Ni rahisi kumwambia mtu apandishe bei wakati kodi si yako. Siku ya tatu jibu lilikuja: amepata za plastiki dukani, shilingi 80.

Senge hakunilaumu. Alisema tu, "Basi tushone zetu." Tukaongeza mita moja ya pamba kwa ajili ya vimati, na uzi kidogo. Aliamua kuuza kwa seti, mati sita na vimati sita, shilingi 1,100 seti. Seti nane ni 8,800. Ukitoa vitambaa na uzi 3,950 na kodi ya siku mbili na ushee, kwa karibu saa 18 za kazi, inakuja kama shilingi 250 kwa saa. Ni ileile ambayo angepata kama mwenye mkahawa angekubali 150. Utepe wa mabaki ndio uliofanya hivyo.

Zimeuzwa polepole. Mbili zilichukuliwa na wanawake wa kanisani kwake wiki ya kwanza, moja kwa mkopo ambao ulilipwa (nilishangaa, yeye hakushangaa). Moja niliinunua mimi kwa bei kamili, alinikatalia punguzo nami nilimkatalia zawadi. Moja ilikwenda Iten kwa mtu anayepangisha vyumba kwa wanariadha wageni. Ya tano iliuzwa Aprili. Tatu bado zimetundikwa kibandani zikivutia macho. Kodi ya mwezi mmoja imelipwa, wa pili umelipwa nusu. Sitawadanganya kwamba ametajirika.

Kuhusu ile programu, sikuiandika. Simu ya senge ni mulika mwizi, na kibanda chake kina ukuta mzuri wa mbao. Nilichomfanyia ni karatasi ngumu iliyobandikwa juu ya cherehani, yenye mistari minne: kitambaa, uzi, kodi ya siku, na "mimi". Mbele ya "mimi" ameandika mwenyewe 200 kwa penseli, kwa saa, ili aweze kuibadilisha. Mteja akija na kazi anajaza, anajumlisha, ndipo anataja bei. Hata zipu ameipitisha hapo.

Wiki iliyopita amekuja mteja anayetaka mati za duara, ishirini. Nilichangamka, nikamwambia kuna njia ya kupanga duara kama masega ya nyuki inayojaza karibu asilimia 91 ya kitambaa, wakati ukizipanga kwa safu za kawaida unajaza asilimia 79 tu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanionesha ukingo wa duara: hauwezi kukunjwa kama ulionyooka, unahitaji utepe uliokatwa kwa mshazari ili ukubali kupinda, na utepe huo unakula kitambaa kuliko nilichookoa kwenye masega yangu. Alikuwa ameshajaza karatasi yake kabla sijafika. Bei ni 260 kila moja, nusu mbele, na mteja ameshatuma.